Sultani, Omukama na Nyumba ya Salum

Jumanne, 4 Machi 2025

Mvua tangu alfajiri. Nimekata majani makavu ya migomba, nimekunywa chai, nimerudi mezani. Hoja ya redioni keshokutwa iko tayari. Sultani wa Unguja alimwomba Mwingereza ulinzi, akapewa bendera, posho na mlinzi asiyeondoka. Anayeomba ulinzi huuza mlango wa nyumba yake. Nimeipenda sentensi hiyo. Itauma.

Jioni nimepeleka ndizi za futari Chonyonyo, kwa Salum mwenye duka. Babu wa baba yake alikuwa Mwarabu aliyefika na misafara ya pembe akaoa hapa. Babu zetu sisi wawili walikula yamini: kila mmoja alitafuna buni iliyopakwa damu ya mwenzake. Tangu hapo mimi na Salum ni banywani, ndugu wa damu kwa kurithi. Munywani hasemwi vibaya mbele ya watu.

Nilimsomea hoja akimenya ndizi. Akacheka. "We mama, kalamu yako haina breki. Na Omukama, mfalme wetu wa huku, je? Mjerumani alipandisha bendera ikuluni kwake Bweranyange kwa kuruka uzio?"

Nikamjibu kipindi ni kifupi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewaka redioni. Mtangazaji alikuwa akipiga meza kwa furaha. Ndipo nikaongeza lisilokuwa kwenye karatasi: kwamba wajukuu wa Waarabu wa Sultani wako Chonyonyo hadi leo, wanatuuzia sukari kana kwamba hawajui babu zao walimpigia nani magoti.

Chonyonyo kuna duka moja tu la namna hiyo.

Studio nzima ilicheka. Nami nikacheka.

Jumamosi, 8 Machi

Vijana wamejaa dukani kwa Salum. "Mzee, lini unakwenda kuomba ulinzi Uingereza?" Mwingine akamwambia arudi kwao. Kwao wapi? Mama yake, bibi yake, wote Wanyambo wa hapa hapa. Amefunga duka mchana. Simu inaita, hapokei.

Jumatano, 12 Machi

Nimefungua vitabu vyangu usiku na asubuhi. Sikuhitaji. Nilikuwa najua.

Baraza la Bweranyange lilimpokea Mjerumani likitafuta kinga dhidi ya majirani. Watu wa ukoo wangu walikuwa wamekaa barazani. Nyumbani tulisimuliwa habari hiyo kwa fahari: jinsi wazee wetu walivyookoa nchi kwa akili. Akili ile ile, ikitumiwa na Sultani, mimi naiita kuuza mlango.

Redioni niliiacha kwa sababu ingepunguza makali. Sultani aliogopa mizinga. Omukama aliogopa majirani. Mimi niliogopa kukosa makofi. Aibu tupu.

Jumapili, 16 Machi

Niliomba kipindi cha pili, nikapewa robo saa juzi Ijumaa. Nimesema lote: Sultani, Omukama, baraza, ukoo wangu kwa jina. Nimesema nimemvunjia heshima munywani wangu mbele ya watu.

Mpiga simu wa kwanza: "Mwalimu, na wewe umeshapewa tende?" Wa pili alisema namtukana Omukama. Wa tatu alitaka kujua bei ya kahawa.

Leo asubuhi kanisani mzee mmoja alihama benchi aliponiona. Hilo nitalivumilia. Uongo ulikwenda kwa pikipiki, ukweli unakwenda kwa miguu, tena kwenye tope.

Salum bado hapokei simu.

Jumanne, 1 Aprili

Jana ilikuwa Idd. Sikualikwa. Leo nimekwenda.

Miaka yote kwa Salum napita mlango wa jikoni, najipakulia, namgombeza mkewe kwa chumvi. Leo Salum alitoka mwenyewe hadi uani. Akaitikia shikamoo yangu, akanipokea kwa mikono miwili, akaniongoza sebuleni. Kiti kilifutwa vumbi. Pilau ililetwa kwenye sahani za wageni. Mkewe alinimiminia maji ya kunawa, akapiga goti, mwanamke aliyezoea kunirushia kisu nimenye vitunguu.

Alisikia kipindi cha pili. Alinishukuru. Duka limefunguliwa, wateja wanarudi.

"Karibu sana, Mwalimu," akasema. "Kula."

Wilaya nzima huniita Mwalimu. Nyumba ile, kamwe; pale nilikuwa "we mama".

Nilitafuta kosa la kumlaumu. Sikupata, hakunikosea hata chembe. Nikala. Nikasifu pilau. Tukazungumzia mvua.

Akanisindikiza hadi barabarani, akaita bodaboda, akamwambia dereva aendeshe taratibu.