Mabuti nyuma ya makala

Papa Elodie,

Sombe iko mu sufuria, uipashe moto. Elodie achote maji ya robinet mapema, mbele ikauke. Camion ya mavolontaire inapiga honi huko chini, tunaenda kusaidia Kalehe. Mvua ya jana ilibomoa tena manyumba kule.

Asubuhi uliniuliza kama watu ya Kalehe ni ndugu zangu. Wakati udongo ilituangukia Kadutu, wenye walituchimbua walikuwa ndugu zako? ~~Usinipigie simu.~~

Mabuti yangu nimeyapata nyuma ya gunia ya makala ya kupikia, kwenye uliyaficha ili nisiende. Lakini nimekuta umeyaosha tope yote, mupaka chini. Mutu anaficha kitu, tena anakiosha?

Nipigie mangaribi.

Mama Elodie