Kifaa Ulichoniomba Kizimwe

Mama,

Shikamoo. Najua hakuna atakayeniitikia, lakini mkono wangu umekataa kuanza barua bila kukuamkia.

Muhogo uliokuwa umeuanika siku ile ulinyeshewa, ukaoza wote uani. Hakuna aliyekumbuka kuuanua. Baba amehamia chumba cha mbele, anasema kule ndani kuna baridi. Jumuiya wamemchagua mama Editha awe mwenyekiti mahali pako, na sala sasa zinaanza kwa wakati. Wewe ulikuwa unatusubirisha mpaka umalize kuulizia wagonjwa wote wa Kasulo.

Nakumbuka ulivyokuwa unaanguka. Kanisani, kisimani, mara moja shambani ukiwa na jembe mkononi. Watu walisema kifafa, shangazi akasema umerogwa. Ni mimi niliyekupeleka Mwanza, Mwanza wakatutuma Dar es Salaam, na huko ndiko tulikoambiwa kwamba moyo wako wakati mwingine unakimbia ovyo hadi unashindwa kusukuma damu. Wakakuwekea kile kifaa chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto. Daktari akatueleza kwamba moyo ukianza tena kukimbia, kitaupiga shoti ya umeme urudi kwenye mwendo wake. Ukacheka. "Kwa hiyo nimewekewa mwalimu na kiboko chake." Ulisema hivyo ukinitazama mimi, mwalimu.

Tulipata miaka miwili mizuri. Hukuanguka tena. Ulikatazwa kuweka simu upande wa kushoto wa sidiria, ukaihamishia kulia, na kila ilipoita katikati ya misa kanisa zima lilijua ni yako. Mara moja tu kilikupiga, ukiwa unapukuchua maharage. "Kama mtu amenitwanga na mchi kifuani," ulisema, kisha ukaendelea na maharage yako.

Kliniki ya mwisho hatukwenda. Nilikuwa nasahihisha mitihani, nikakuambia tutakwenda likizo. Ukasema, "Sawa mwanangu, mimi mbona mzima."

Ile Jumamosi asubuhi nilikuwa jikoni. Nikasikia umepiga kelele, nikatoka, nikakukuta umekaa chini kando ya muhogo, mkono kifuani. Ulininyanyulia kidole kimoja, kuniambia kimekupiga mara moja. Kabla sijakufikia kikakupiga tena. Nikakukumbatia, na safari ya tatu nilikisikia mimi mwenyewe. Mwili wako wote uliruka mikononi mwangu.

Paroko akatupa gari lake. Hospitalini daktari hakutuficha. Alisema hajawahi kumtibu mtu mwenye kifaa kama hicho, na mashine ya kukisoma hawana. Akampigia simu daktari wako wa Dar, akawa anafuata anayoelekezwa. Kila dawa ilipoingia kwenye dripu kilinyamaza kidogo, kisha kikarudi. Ukaanza kukisubiri. Hicho ndicho kilichonimaliza, Mama, kukuona unafumba macho na kung'ata ncha ya kitenge kabla hakijapiga.

Halafu ukanishika mkono. "Leokadia, waambie wakizime. Nimechoka. Nakuomba."

Wewe hukuwahi kuniomba kitu. Ulikuwa unaniagiza tu.

Nikamfuata daktari koridoni. Akaniambia njia ipo: sumaku ikiwekwa juu ya ngozi, pale kifaa kilipo, kinaacha kupiga. Lakini kipimo kilionyesha kwamba moyo wako kweli unakimbia, kifaa hakikosei. "Nikikizuia, na moyo usirudi wenyewe, tutampoteza hapa hapa," alisema. "Tujaribu kumfikisha Mwanza." Nikarudi kwako nikasema, "Vumilia Mama, tunakwenda Mwanza." Uligeuza uso ukatazama ukuta.

Habari ya sumaku sikukuambia. Kila siku najiuliza kama nilikuwa na haki ya kukuficha.

Ndani ya gari la wagonjwa nilikupakata kichwa, nesi ameshika dripu. Tulipita Nyakahura. Nilikuwa nimeacha kuhesabu zile shoti. Hukuomba tena. Tulipokaribia Lusahunga ukasema "maji," nesi akakulowesha midomo. Kisha macho yako yakasimama. Nesi akaanza kukukandamiza kifua. Kikakupiga tena, mwili ukaruka, na wewe hukuwemo. Halafu basi. Jua lilikuwa kali, malori yanapita, dereva amesimama pembeni mwa barabara kofia mkononi.

Kaka Deus alipofika kutoka Geita aliniuliza mbele ya watu kwa nini sikuwalazimisha wakizime. Shangazi akaniuliza kwa nini nilikubali uwekewe chuma. Wote wawili niliwajibu sijui. Shangazi alitaka kitolewe kabla ya maziko, Baba akakataa usichanwe tena. Umelala nacho. Daktari wa Dar alinipigia kunipa pole, akasema hata kingezimwa, moyo ulikuwa umeshashindwa. Nilimshukuru. Sijui kama namwamini.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Nyamigogo, kule Biharamulo. Mumewe ameambiwa anahitaji kifaa kama chako. Alisikia habari zako sokoni, akapanda basi kuja kuniuliza. "Mwalimu, wamwekee au wasimwekee?" Nilitamani nimkimbie. Nikamweleza yote, ile miaka miwili na ile siku moja. Alilia, nami nikalia. Akauliza, "Ingekuwa wewe, leo?"

Nikamwambia ningekubali tena, Mama. Ila ningekuuliza mapema, ukiwa mzima na unacheka, ni mpaka wapi unataka kikupiganie. Mimi na wewe hatukuulizana swali hilo, na hakuna aliyetuuliza.

Wanakwenda Dar likizo ijayo, na nimekubali kwenda nao. Sina hakika kama nitaweza kuingia tena kwenye ile hospitali uliyowekewa kifaa. Lakini nakuahidi nitakaa kando ya yule mzee, na nitamwomba daktari amwambie yeye mwenyewe, kwa maneno anayoyaelewa, kwamba siku ikifika kinaweza kuzimwa, na kwamba wa kusema ni yeye.

Kwaheri, Mama. Kama nilikosea, nisamehe. Na kama sikukosea, nisamehe vilevile.

Mwanao,
Leokadia