Sauti ya Nekesa Kwenye Chumba cha Mabati

Jumamosi, Juba. Mvua imekatika tangu mchana lakini joto liko palepale, na sina hamu ya kuongea na mtu. Ndiyo maana naandika.

Leo saluni yetu ya mtaa wa Hai Cinema ilifungwa mapema, stima hakuna. Nambozo, Mganda ninayeishi naye chumba kimoja, akanivuta twende maonyesho ya sanaa. Alikuwa amesikia yanahusu watu kama sisi, wageni waliokuja Juba kutafuta kazi, na mahali wanapolala.

Tulipoingia tulicheka. Ndani ya ukumbi wamejenga chumba cha mabati, kidogo, giza, na juu ya paa wameweka taa kali ili uchemke kama sisi tunavyochemka. Magodoro chini, nguo kwenye misumari, sauti ya jenereta iliyorekodiwa inanguruma. Watu waliovaa vizuri wanaingia, wanatokwa jasho, wanatikisa kichwa, wanaondoka. Sisi tungetoka pale turudi kwenye kingine kama hicho, mtaani kwetu Juba Na Bari.

Halafu sauti za wafanyakazi zikaanza kutoka ukutani, kila mmoja akijieleza. Mwanamke mmoja akakohoa, akacheka, akasema: "Mimi hapa nimekuja kutafuta tu. Hata nikifa, wanirudishe kwa mama yangu."

Nikamshika Nambozo mkono.

Alikuwa Nekesa.

Nekesa, msichana wa Bungoma, tuliishi naye chumba hichohicho chetu. Homa ilimchukua mwaka jana, wakati barabara ya Nimule, ya kurudi kwetu, ilikuwa haipitiki kwa sababu ya risasi. Tukamzika hapahapa. Hakuwahi kutuambia anataka azikwe wapi, na sisi hatukuuliza. Nani humuuliza msichana mzima swali kama hilo?

Msanii mwenyewe, dada wa hapa aliyekulia Nairobi, alituona tunalia akaja.

"Huyu iko Nekesa," Nambozo akamwambia. "Alikufa."

Dada akaziba mdomo. "Woi, poleni. Sikujua. Alikataa nitaje jina lake. Niizime?"

"Usizime," Nambozo akasema. "Andika jina yake."

Akaliandika ukutani kwa chaki, kisha akatutumia ile sauti kwa simu.

Njia nzima tulibishana. Mimi nilisema mama yake asiisikie, itammaliza. Nambozo akashikilia kwamba sauti ya mtoto ni ya mama. Mwishowe tukampigia, tukamwekea.

Aliisikiliza mpaka mwisho. Akaomba tumwekee tena. Tukamwekea.

"Asanteni kwa kukaa naye, wanangu," akasema. "Mmemsikia mwenyewe. Sasa mniletee mwanangu."

Nambozo akanitazama. Nilijisikia tu nikisema, "Sawa, mama."

Sijui kaburi hufunguliwa kwa ruhusa ya nani. Sijui dereva gani atakubali safari hiyo, wala kama barabara itakuwa shwari. Nambozo amejifunika shuka, lakini najua hajalala.

Jumatatu nitaanza kuuliza. Nimeshaitikia.