Nimemwosha Aliyekuvua Kitambaa

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na hasira. Zamani ungenituma nje nikapoe kwanza, lakini leo sitoki.

Unazikumbuka Jumamosi zetu pale Silanga, Kibera? Ulijifunga leso mbili, ukanipa mtungi, tukaenda kwa mgonjwa yeyote aliyetajwa kanisani. Kina mama wengine walianza na wimbo. Wewe ulianza na ndoo iliyo chini ya kitanda. Uliimwaga, ukasuuza, ukaosha vyombo, ukamwogesha mgonjwa, ndipo ukafumba macho. "Kwanza mikono, halafu mdomo," uliniambia. Nilikuwa na miaka kumi, na siku ya kwanza niliona kinyaa nikatapika nyuma ya mabati. Hukunigombeza. Ulinipa maji ninawe uso, ukanirudisha ndani. Imani yangu ilianzia hapo, si kwenye mahubiri yoyote.

Nakumbuka pia yule mtoto uliyemchemshia majani ya kando ya bwawa. Mama Ebby, mwenyekiti wa kina mama, akasimama kanisani akasema wewe ni mchawi, akakuvua kitambaa cheupe cha kichwani, kile cha ushirika wa kina mama, mbele ya watu wote. Ulipofariki hakuja hata mmoja wao kukuimbia. Tulikuzika kimya, Mama, wewe uliyewauguza nusu yao. Hilo linaniuma hadi leo.

Sasa naishi Kawangware, na kanisani nimekabidhiwa wanawake sita waliookoka juzijuzi, niwafunze kuhudumia wagonjwa. Nimewafunza kwa njia yako. Wiki tatu zilizopita mchungaji alituomba twende Kibera, kuna mama amepooza na watoto wake wako mbali. Sikuuliza jina. Kufungua mlango, ni Mama Ebby.

Nilisimama pale pale mlangoni nikaomba. Ombi refu, lenye Kiswahili kizuri, macho nimeyafumba nisimwone. Chumba kilinuka mkojo. Naliaka, mmoja wa wale sita, anayesuka nywele karibu na kwangu, alinivuta mkono: "Mama Brayo, na hizi nguo zake?" Nikamjibu leo tuna haraka. Hatukuwa na haraka yoyote.

Jumamosi iliyofuata tulimtembelea mzee mmoja hapa Kawangware. Wote sita walisimama mlangoni, wakafumba macho, wakaomba vizuri sana, wakageuka kuondoka. Hakuna aliyegusa hata kikombe. Mama, niliogopa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hawa ni wachanga wa imani, mlezi wao ni mimi. Siku hiyo hiyo niliwaketisha nikawaeleza yote, kitambaa, mazishi, na uongo wangu wa haraka.

Jana tukarudi Silanga kwa Mama Ebby. Nilichanganya maji kwenye karai. Nilimwosha mgongo, nikamgeuza, nikamwosha tena. Alinikazia macho, akataja jina lako kwa taabu, "We ni wa Roselida."

"Ndio. Mimi ni wake."

Akageuzia uso ukutani. Hakuomba msamaha. Labda hawezi, labda hataki. Nilitarajia moyo wangu ulainike, kama wanavyoshuhudia watu kanisani. Haukulainika. Nilimkausha kila mahali, nikampaka mafuta miguuni, na wakati wote huo nilikuwa namchukia.

Tukitembea kurudi, Naliaka hakuniacha.

"Sasa umemsamehe?"

"Bado."

"Na vile umemwosha poa hivyo?"

"Nimemwosha. Lakini bado niko na hasira na yeye."

Tukapita mtaa wa Makina, yeye akitangulia mbele. Nikadhani nimemvunja moyo, kwamba kesho ataacha hata kanisa.

"Basi tunarudi lini?" akauliza.

"Jumanne."

"Sawa. Mimi nitakuja na sabuni."

Pumzika, Mama. Ningekaa nawe zaidi, lakini shuka za Mama Ebby nimezibeba hadi kwangu, zimelowekwa, na lazima zikauke kabla ya Jumanne.

Ni mimi, kifungua mimba wako.