Baba, Walitaka Niseme kwa Jina Lako

Baba,

Nimekaa kibarazani kwangu hapa Ipogolo. Malori yanapita barabara kuu, hayo siyajali. Ila gari dogo likipunguza mwendo karibu na geti, kalamu inasimama. Mume wangu anasema nimekuwa mwoga. Labda. Utanivumilia mwandiko ukiyumba.

Tangu tukuzike mambo yamekwenda mbio. Ulitutoka ukiwa bado mwenyekiti wa tawi la Ilomba, jeneza lako likafunikwa bendera ya chama, wanachama wenzako wakaimba nyimbo zenu mpaka mchungaji akaomba naye apewe nafasi ya kusali. Hata mdogo wangu Ipyana, mwanao wa upinzani, alisimama kwa heshima. Nyie wawili mlivyokuwa mkibishana! Wewe unasema bila chama nchi hii ingesambaratika, yeye anasema chama kimekaa madarakani mpaka kimesahau kwamba kuna kushindwa. Sauti zikipanda unagonga meza: "Hapa hakuna chama. Kuna ndizi na maharage. Kuleni!"

Baba, kampeni zilipoanza, Ipyana alichukuliwa.

Alikuwa gereji kwake Soweto, hapo Mbeya, mchana kweupe, amelala chini ya gari la mteja. Watu wasio na sare walimvuta kwa miguu wakamtia kwenye gari lao wakaondoka. Mafundi wenzake wanasema alipiga kelele mara moja tu: "Mwambieni Mama!"

Nilipanda basi kwenda Mbeya siku hiyohiyo. Tulizunguka vituo vyote vya polisi, Mama na hotpoti lake la chakula, na kila kaunta jibu ni lile lile: "Hayupo hapa." Chakula kinarudi kimepoa. Mama hakukitupa. Alikuwa anakiweka mezani mahali anapokaa Ipyana, halafu anakitazama.

Ndipo katibu wa kata akaja nyumbani. Yule uliyemfundisha kazi mwenyewe, aliyekuwa akikuita mzazi. Alikaa sebuleni, akatupa pole, akanywa chai. Kisha akasema mgombea anakuja uwanjani Jumamosi, na chama kinaomba binti wa marehemu aseme machache kwa jina la baba yake. Nikamuuliza, "Na Ipyana?" Akazungusha kikombe. "Dada Tumpe, haya mambo yanahitaji ushirikiano. Familia ikionyesha iko upande gani, hata wakubwa wanakuwa na pa kuanzia."

Alipotoka Mama alinishika mkono. "Mwanangu, sema wanachotaka. Wakikuambia imba, imba. Mimi namtaka mtoto wangu."

Ningemjibu nini, Baba? Nikasema, sawa Mama.

Jumamosi nilivaa kitenge cha chama. Kadi ninayo, ulinikatia mwenyewe nilipomaliza shule, na sijawahi kuionea aibu. Uwanja ulifurika. Muziki ulikuwa unapigwa mpaka kifua kinatetema. Akina mama wa tawi lako walikuwa mbele kabisa, Mama Sekela kiongozi wao katikati, na Mama yetu pembeni yake, hotpoti mapajani. Nilipopewa maiki, niliishika kwa mikono miwili.

Nilianza vizuri, kama nilivyoelekezwa. Nikasema baba yangu alikijenga chama Ilomba kwa miguu yake, nyumba hadi nyumba. Watu wakapiga makofi. Nikasema hakuwahi kumbagua mtu. Makofi tena. Halafu nikakumbuka ile siku mtoto wa jirani, kijana wa upinzani, alipowekwa ndani. Ulivaa koti lako la vikao ukaenda kumdhamini, na walipokushangaa pale kituoni ukawaambia, "Huyu ni mtu wangu. Kura yake ni shauri lake."

Basi nikaisimulia ile habari, Baba. Sikupanga. Nikaisimulia yote, kisha nikamgeukia mgombea nikasema, "Mtoto wa mzee huyo huyo amechukuliwa gereji kwake na hatujui alipo. Mama yake yule pale. Ninakiomba chama cha baba yangu kimtafu—"

Maiki ikazimwa.

Katibu akanishika kiwiko, kwa nguvu, huku anatabasamu kwa ajili ya kamera. "Shuka," akasema. "Shuka sasa hivi." Vijana wa ulinzi walikuwa wameanza kupanda ngazi. Ndipo Mama Sekela akasimama, na sare yake kamili. Hakupiga kelele. Alisimama tu, akimtazama mgombea. Akasimama wa pembeni yake, na mwingine, mpaka safu nzima ya mbele ikawa imesimama. Hata muziki ulipofunguliwa tena hawakukaa, hawakucheza. Mgombea ikabidi achukue maiki aseme suala hilo atalifuatilia yeye binafsi.

Kufika nyumbani Mama akasema, "Kama umemuua, sitakusamehe." Aliyasema hayo, Baba. Siwezi kuyaficha, na simlaumu.

Siku zilizofuata sikula. Kisha simu ikalia kutoka bonde la Usangu. Familia ya wafugaji ilimkuta Ipyana kando ya njia ya ng'ombe, amefungwa mikono. Bibi wa pale, Kiswahili chake cha shida, alimwosha, akamnywesha maziwa, na wanawe wakampeleka hospitali kwa pikipiki. Yu hai. Mkono wa kushoto haukunjiki vizuri, na hajasema walimfanya nini. Sijui kama aliachwa hai kwa sababu ya maneno yangu au licha ya maneno yangu. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Mama alinipikia chai, akanikumbatia, basi.

Chama kilishinda, kama kawaida. Mama Sekela wamemvua uongozi. Katibu amepanda cheo, na akikutana na Mama bado anamwamkia kwa adabu zote. Ipyana ananiambia nirudishe kadi, inamchoma macho. Nimekataa, na tumenuniana. Nikitoka, nani atabaki humo ndani anayekumbuka kwamba kiongozi wa tawi aliwahi kwenda kituoni kumdhamini mpinzani?

Pumzika sasa, Baba. Mama yuko salama, tunaye. Nami nakuahidi hili: kikao cha kwanza nitakachoitwa, nitasimama niulize ni nani waliomchukua mdogo wangu na ni nani aliyewatuma. Nisipojibiwa, nitauliza tena kikao kinachofuata. Wakitaka ninyamaze, itabidi wanifukuze, tena mbele ya watu.

Mwanao,
Tumpe