Sentensi ya Majaribio

Pasiansi, Mwanza

Kwako Maduhu,

Natumaini vumbi la Dodoma halijakumaliza. Huku ziwa limejaa magugu tena, na mama anakusalimia.

Kazi uliyoniachia nimeimaliza. Washindani wetu nimewajaribu wote: kila programu ya akili mnemba nimeiagiza iandike barua ya posa. Moja ilimwandikia baba mkwe "Habari yako", bila hata shikamoo. Nyingine iliomba mke kama mtu anayeomba kazi. Programu yetu iliwashinda kwa sentensi uliyoiingiza wewe: "Kwetu moto umezimika, tumekuja kuomba kaa kwenu." Unakumbuka ulivyoichapa? Uliniangalia, ukacheka, ukasema ni ya majaribio tu.

Halafu nikawapa watu programu yetu waitumie, nione kama wanaihitaji kweli. Alexander, yule mhasibu jirani yetu, alisema imemfaa sana. Sikumuuliza aliandika barua gani.

Jumapili mshenga wake alikuja nyumbani na bahasha iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe. Baba aliisoma kwa sauti. Alipofika kwenye kaa la moto alivua miwani, akasema, "Huyu kijana kalelewa." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na kwa muda kidogo nilidhani ni wewe.

Amekubaliwa. Nami sikukataa, ningemwambia baba nasubiri nini?

Kwa hiyo wazo letu ni zuri, Maduhu, watu wanalihitaji. Sentensi uliiandika wewe. Kilichokosekana ni jina lako chini yake.

Mwenzako wa kazi,
Minza