Kaburi Nililolificha kwenye Fomu

Mwanamisi, shoga yangu,

Maji yamefika Kikoneni. Mfereji uko hatua chache kutoka mlangoni kwako, na binti yako Mwanaidi hatoki tena alfajiri na ndoo kichwani. Mimi sasa nashika ukuta nikitembea. Daktari ameacha kunipa miadi ya mbali. Ndiyo maana naandika.

Unaikumbuka ile fomu. Bomba lilikuwa la fedha za nchi nyingi, nyingine mkopo, nyingine msaada, na wenye fedha walitaka wenyeji waulizwe kwanza. Nilipewa kazi ya kuandika majibu kwa kuwa nilikuwa mwalimu. Ukanionyesha yale mawe matatu ukingoni mwa shamba lako la mihogo, alipolala Salimu wako aliyeishi siku tisa. Ukasema, "Waandikie wapitishe kando. Wewe ukishika kalamu hujifanya serikali, basi leo nifanyie na mimi huo userikali wako." Tukacheka.

Afisa wa mradi aliniambia makaburi yakitajwa, faili litarudi ng'ambo kukaguliwa upya, na huenda zamu yetu ikapewa kijiji kingine. Niliwafikiria watoto wa shule wanaokunywa maji ya bwawa. Niliyafikiria pia magoti yangu yaliyochoka kubeba ndoo. Palipoulizwa kama kuna makaburi njiani, niliandika: Hakuna.

Siku mtambo ulipochimba pale penye mawe, ulikuja kwangu na udongo miguuni. "Mwalimu, walikataa?"

Nikasema walikataa.

"Basi hao hawajazika mtoto," ukasema. Mimi hukunilaumu. Jioni uliniletea mihogo, nami nikaila.

Umekufa ukiwachukia watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la Salimu.

Tangu tukuzike, kila nikifungua mfereji nasikia unauliza, walikataa? Hunikemei. Unauliza tu, kwa sauti ileile, nami nafunga ndoo ikiwa nusu.

Wiki iliyopita wenye fedha walirudi kukagua. Wakauliza kama yuko aliyedhulumiwa. Mwanaidi akawajibu, "Mama alisema ninyi wenyewe mnajua." Hawakuelewa. Wakanitazama mimi, na mimi, shoga yangu, nikanyamaza tena.

Kesho Mwanaidi akija kunifulia nitamwambia yote. Kisha nitawaandikia wale wageni, kwa jina langu. Akitaka bomba lihamishwe, nitaandika hivyo. Asipotaka kuniosha nikifa, ana haki.

Pumzika, Mwanamisi. Wewe sikuombi radhi, kwa sababu huwezi kukataa. Yeye anaweza.